Togwa, Pombe na Wakati wa Sukari

Msemaji wa Kiswahili katika kambi ya Dzaleka akiagiza togwa, na Mchewa wa mtaa wa Mchesi, Lilongwe, akiagiza thobwa, wote wawili wataletewa kinywaji kimoja. Kadhalika kimea chetu ndicho chimera cha Kichewa. Maneno haya ndugu yamehifadhi historia ya swali ambalo kila mpika pombe hana budi kulijibu: sukari iingie lini?

Zamani sukari haikununuliwa dukani, ilizaliwa chunguni. Mtama au ulezi ulilowekwa, ukaachwa uchipue, ukaanikwa na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Uji wa mahindi ulipikwa ukaiva, ukaepuliwa, na ulipopoa kiasi ndipo kimea kilipotiwa. Hapo wanga wa nafaka hugeuka sukari. Lakini kimea kikitiwa uji ungali unachemka, nguvu yake hufa, nao uji hubaki uji. Wanakemia wa Ufaransa, Payen na Persoz, waliitenga nguvu hiyo mwaka 1833. Akina mama wa Afrika walikuwa wakiitumia kabla ya hapo, kipimo chao kikiwa ncha ya kidole. Kinywaji kikinywewa kingali kitamu, ni togwa. Chachu ikiisha kuila sukari hiyo, ni pombe.

Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Waliokimbilia hapo kutoka Kongo, Burundi na Rwanda walitoka katika nchi zenye elimu nyingine ya utamu: kasiksi ya Kivu, urwarwa wa Burundi na urwagwa wa Rwanda. Huko sukari hutoka katika ndizi zilizovundikwa shimoni. Mwenye pupa akizikamua kabla hazijaiva, wanga haujawa sukari, na jasho lake limepotea bure.

Ulaya nako swali hili liliwashughulisha watu. Sheria ya Bavaria ya mwaka 1516 iliruhusu shayiri, hopsi na maji tu. Mwaka 1801 Chaptal alieleza jinsi ya kutia sukari katika maji ya zabibu kabla hayajachachuka. Waingereza waliwaruhusu wenye viwanda vya bia kutumia sukari mwaka 1847. Na apikaye bia nyumbani hutia sukari kidogo mwishoni, wakati wa kujaza chupa, ili ipate povu; akiziba chupa kabla uchachu haujatulia, chupa hupasuka.

Nchini Malawi, mashamba ya miwa ya Nchalo na Dwangwa yaliisogeza sukari karibu na kila jiko. Katika kachasu, pombe kali ya kukeneka, sukari ya dukani hutiwa pamoja na pumba za mahindi. Siku za kungoja kimea hupungua, na ukali huzidi. Kinachopotea ni ile elimu ya kungoja.

Sisi walimu tunahusikaje? Kuloweka, kuchipuza, kuanika, kuvundika, kimea, togwa, chachu: kila neno ni hatua, na kila hatua ina wakati wake. Hata mwanafunzi ambaye dini yake imemharamishia pombe anaweza kuyajua maneno haya bila kuonja, maana togwa ni ya mtoto na mzee. Na tuwaagize wanafunzi wakawaulize bibi zao, kabla chungu na msamiati wake havijasahauliwa pamoja.