Molekuli zinazowasha kioo cha simu: safari ya zaidi ya miaka 60

Kwa mafundi simu wa Buguruni na Kariakoo, mteja akileta simu iliyopasuka kuna jambo la kuulizwa mapema: kioo chake ni cha OLED au cha kawaida? Jibu lake huamua bei. Anayetaka kuhakikisha afungue picha nyeusi tupu gizani. Kioo cha kawaida hubaki na weupe hafifu, kwa sababu taa yake iko nyuma na inawaka muda wote. Cha OLED huwa cheusi tii, kwani kila nukta hujitolea mwanga wake, na isiyopewa umeme huzimika kabisa.

Kinachong'aa ndani ya nukta hizo ni molekuli za kaboni, na kila moja imebuniwa kwa makusudi. Historia yake ni ya watu waliokataa kuacha nishati ipotee bure.

Mwaka 1963, Martin Pope na wenzake wa New York University walipitisha umeme kwenye fuwele za anthrasini, kemikali inayopatikana katika lami ya makaa ya mawe. Fuwele ziling'aa, lakini zilidai takriban volti 400. Hakuna kifaa cha mfukoni kingeweza kutumia umeme huo.

Njia ilifunguka mwaka 1987. Ching Tang, mzaliwa wa Hong Kong, na Steven Van Slyke, wote wa kampuni ya Kodak ya Marekani, waliachana na fuwele nene. Walipaka tabaka mbili ambazo kwa pamoja hazikufika unene wa sehemu moja ya elfu tano ya milimita. Moja ilipitisha chaji chanya. Nyingine, yenye molekuli iliyoshikiliwa na atomu ya alumini katikati, ilipitisha elektroni. Chaji zilipokutana, mwanga wa kijani ulitoka kwa chini ya volti 10. Mwaka 1990, watafiti wa Cambridge, Uingereza, wakapata mwanga kutoka kwenye plastiki. Mwaka 1997 kampuni ya Pioneer ikaingiza sokoni redio ya gari yenye kioo cha aina hii.

Hata hivyo, hasara ilikuwa kubwa. Elektroni zinapokutana na chaji chanya, mpangilio wao huifanya molekuli moja tu kati ya nne iweze kutoa mwanga. Nishati ya tatu zilizobaki huishia kuwa joto. Ni sawa na muuza maji anayemwaga madumu matatu kila anapouza moja.

Mwaka 1998, timu za Stephen Forrest na Mark Thompson nchini Marekani zilipata dawa: kuweka atomu nzito ya metali ndani ya molekuli. Walianza na platinamu, kisha iridiamu. Uzito wa atomu hiyo huziwezesha hata zile tatu kutoa mwanga. Iridiamu ni adimu sana, na sehemu kubwa ya ile inayochimbwa duniani hutoka Afrika Kusini.

Nyekundu na kijani zikatulia. Bluu ikagoma. Mwanga wake hubeba nishati nyingi kuliko rangi hizo mbili, na nishati hiyo huvunja viungo vya molekuli yenyewe. Ndiyo maana simu ziliendelea kutegemea bluu ya mtindo wa zamani, yenye ufanisi mdogo. Uchakavu huo wa molekuli ndio unaoacha alama za kibodi au za saa kwenye kioo kilichotumika sana: nukta zilizowaka zaidi zimechoka kabla ya nyingine.

Mwaka 2012, Chihaya Adachi wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, alionyesha kwamba metali si lazima. Molekuli zake zilibuniwa ili joto la kawaida la chumba litoshe kuinua nishati iliyonaswa na kuigeuza mwanga. Mwaka 2016, Takuji Hatakeyama na wenzake, pia wa Japani, walipanga boroni na naitrojeni ndani ya molekuli wakapata bluu safi mno.

Bluu yenye ufanisi na inayodumu bado inatafutwa. Anthrasini ya Pope ni pete tatu za benzini zilizounganishwa, na benzini hufundishwa katika sekondari zetu. Mwalimu wa kemia anayewaonyesha wanafunzi kazi ya pete hizo ndani ya simu anawafungulia utafiti ambao haujafika mwisho, na wao wana haki ya kushiriki.