Redio za Masafa Mafupi na Mtaa wa Ngagara

Mtaa wa Ngagara, ambao wakazi wengi wa Bujumbura hata leo huuita OCAF, kwa jina la idara ya Kibelgiji iliyoujenga katika miaka ya 1950, ulizaliwa takriban sawia na redio ya transista, chombo ambacho, kwa kuziacha taa za kioo zenye kula umeme mwingi na kuridhia mawe machache ya betri, kilimwezesha mtu kuisikiliza dunia barazani pake.

Anayezikusanya redio hizo na kuzilinganisha hana budi kuanza na Zenith Royal 1000 ya Marekani, ya mwaka 1957, kisha aiweke kando ya Sony ICF-2001 ya mwaka 1980, ambayo huandikiwa masafa kwa vitufe. Kwa usahihi, ya pili yashinda. Lakini mimi naipenda sindano ya Zenith, maana mkono uitafutao London hupitia kwanza Cairo na Dar es Salaam.

Mtambo wa Deutsche Welle ulirusha matangazo kutoka Kigali, jirani kabisa, tangu 1965 hadi 2015. Walakini mawimbi mafupi hupaa hadi tabaka la juu la anga na kurejea ardhini mbali, hata kituo cha karibu huweza kufifia kuliko cha ng'ambo.

Mwezi wa Mei 2018, BBC na Sauti ya Amerika zilipofungiwa matangazo yao ya FM nchini Burundi, Sauti ya Amerika iliendelea kuwafikia wasikilizaji kwa masafa mafupi, yasiyohitaji mnara wa ndani wala idhini.