Kura ya mtaani: ilivyofutwa, ilivyorudi

Mwaka 1960 Dar es Salaam ilipata meya wake wa kwanza Mwafrika, Sheikh Kaluta Amri Abeid, mshairi aliyekwisha kuchapisha kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Madiwani ndio waliomchagua. Miaka kumi na kitu baadaye madiwani wenyewe hawakuwapo. Mwaka 1972 serikali ilileta mpango wa madaraka mikoani, na kwa jina hilo tamu halmashauri zikafutwa. Kazi zao wakapewa maofisa walioteuliwa, na mkazi wa Magomeni aliyechoshwa na mtaro ulioziba hakuwa na wa kumnyima kura.

Huduma za miji zilizorota vibaya hata mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Sheria za mwaka 1982, Na. 7 kwa wilaya na Na. 8 kwa miji, zikaujenga upya mfumo mzima. Mwaka 1984, akihojiwa, Mwalimu Nyerere alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa ni jambo ambalo asingelirudia. Si kawaida kwa mkuu wa nchi kusema hivyo akiwa bado madarakani.

Dar es Salaam ilipoteza tena madiwani wake mwaka 1996, ikawekwa chini ya Tume ya Jiji iliyoongozwa na Charles Keenja. Tuseme kweli: jiji lilisafishwa, na wapo wanaoikumbuka Tume kwa mema mpaka leo. Lakini kazi nzuri ya mteule hudumu kwa hisani ya aliyemteua.

Chini ya ngazi ya madiwani, wenyeviti wa mitaa walichaguliwa kwa mara ya kwanza chini ya vyama vingi mwaka 1994. Cheo chao hudharauliwa hadi siku ndugu yako amewekwa ndani na polisi wanataka barua ya utambulisho ya mdhamini, au unauza kiwanja na mnunuzi anadai muhuri wa serikali ya mtaa. Hapo ndipo mtu huanza kuulizia, “Hivi mwenyekiti wetu ni nani?”

Mwaka 2014 wapinzani walijizolea mitaa mingi ya mijini. Mwaka 2019 vyama vyao vikubwa vilijitoa baada ya wagombea wengi kuenguliwa, chama tawala, CCM, kikabeba zaidi ya asilimia 99 ya viti. Anayeuliza kura yake ina kazi gani hana kosa. Hata hivyo, mwaka 2024 mgombea aliyebaki peke yake hakupita tu bila kupingwa. Alipigiwa kura ya ndiyo au hapana. Hapana ya mtaani, kwa watu wanaojuana kwa sura, si kitu kidogo.

Wengi hukwamia kwenye daftari. Kadi ya mpigakura ya uchaguzi mkuu haikuingizi kwenye orodha ya mtaa. Orodha hiyo huandikishwa peke yake, palepale unapoishi. Mwaka 2024 uandikishaji ulikuwa wa siku 10 tu, Oktoba 11 hadi 20, na waliojitokeza walipita milioni 31. Uchaguzi ujao wa mitaa ni mwaka 2029.