Taa ya Jirani

Mjukuu wangu anayeishi London alinipigia simu akanieleza kwamba amehama kampuni ya umeme. Hakuhama nyumba wala mtaa, ila kampuni tu. Yeye ni mpangaji wa chumba kimoja katika jengo ambalo mita zake zimepangwa ukutani kama masanduku ya posta, na zilimpita wiki kadhaa kabla hajajua ipi ni yake. Nikamuuliza kama nguzo nazo zimehamishwa. Akacheka. Nyaya ni zile zile na umeme ni ule ule. Kinachobadilika ni yule anayekudai. Uingereza ruhusa hiyo imewafikia wakaazi wote tangu mwaka 1999. Kisha akaniuliza: "Na wewe babu, mbona huhami?"

Sikumjibu vizuri siku ile. Swali lake lilinirudisha kwenye nyumba niliyopata kupanga Mji Mkongwe, na kwenye deni ambalo sikujua kama ninalo.

Sisi wa Unguja hatujapata kuchagua nani atuuzie umeme. Taa za umeme zilianza kwetu katika majumba ya Sultani. Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, na wazee walitusimulia jinsi watu walivyokusanyika Forodhani kuzitazama taa zake. Kutoka huko umeme ukateremka kwa wenye uwezo, kisha ukavuka hadi Ng'ambo. Vijiji vingi vya shamba vilingoja hadi miaka ya 1980 na 1990, vikapelekewa nguzo kwa msaada wa Norway. Mwaka 1980 ulitandikwa waya chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, Bara, hadi Fumba, na wa pili, mkubwa zaidi, ukafuata mwaka 2013. Tangu hapo TANESCO huiuzia Zanzibar umeme kwa jumla, nasi huuziwa reja reja na Shirika la Umeme la Zanzibar, ZECO, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2006. Muuzaji ni huyo mmoja.

Hata palipotokea mabadiliko, mara nyingi mtumiaji hakuulizwa. Wateja wengi wa Uganda walihudumiwa na kampuni iitwayo Umeme tangu 2005. Mkataba wake wa miaka 20 ulipomalizika mwisho wa Machi 2025, kazi ikarudi kwa kampuni ya serikali. Walilala kwa mmoja, wakaamka kwa mwingine. Kwetu sisi wapangaji, jambo lenyewe halikuwa kampuni. Lilikuwa mita.

Msomaji anayeijua Mji Mkongwe anafahamu kuwa nyumba zake nyingi zilijengwa kila moja kwa ajili ya ukoo mmoja. Fundi alipotia nyaya, alizitia kwa nyumba moja: ukumbi, vyumba, ngazi na dari. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa wakatiwa wapangaji. Kumbi zikakatwa kwa mbao, milango ikazibwa kwa mawe na chokaa, na ngazi ikawa ya wote. Watu waligawana vyumba, lakini nyaya ndani ya kuta hazikugawanywa.

Nyumba yetu ilikuwa ya ghorofa tatu na familia tatu. Mita tatu zilikuwa chini ya ngazi, karibu na mlango mkubwa. Mimi nilikaa juu. Chini yangu alikaa mjane mwenye watoto wanne, aliyekuwa na friza na akiuza barafu za ukwaju na za maembe kwa watoto wa skuli. Kila mwezi bili yake ilishinda zetu. Siku moja alinijia na karatasi mkononi. "Maalim, hebu nisomee hii. Mimi natumia nini hata nidaiwe hivi?"

Nilikuwa nimefundisha walimu jinsi ya kufundisha hesabu, wala sikuwa na shaka na jawabu langu. Nikachukua kalamu, nikamwonyesha friza inakula kiasi gani kwa siku na kwa mwezi. "Mwanangu," nikamwambia, "friza hiyo ndiyo inayokumaliza. Iuze." Akaiuza. Bili ikapungua kidogo tu. Nikamwambia basi apunguze kupiga pasi.

Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja nzima ilikaa bila ya umeme kwa sababu ya hitilafu ya njia ile ya baharini. Tulirudi kwenye chemni na mishumaa, na wenye jenereta wakatuuzia chaji ya simu. Miezi mitatu ile haikunifundisha kitu kuhusu nyumba yetu. Giza la wote halionyeshi kosa la mmoja.

Zilipokuja mita za kulipia kabla, tunazoziita Tukuza, ndipo jambo lilipofichuka. Usiku mmoja baada ya isha nilikuwa nasoma chumba cha nyuma, taa ikazimika. Ukumbini kwangu taa zilikuwa zinawaka. Nikadhani glopu imeungua. Nilipotoka na tochi nikakuta ngazi nayo iko gizani, na mjane amekaa mlangoni na mshumaa. "Umeme umekwisha, Maalim. Mpaka asubuhi nipate pesa."

Asubuhi alinunua, akabonyeza zile namba 20 kwenye mita. Mimi nilikuwa juu. Taa yangu ya kusomea ikawaka yenyewe, na friji langu, lililokuwa chumba kile kile, likaanza kunguruma.

Fundi alifuata waya kwa nusu siku. Chumba changu cha nyuma na taa ya ngazi vilikuwa vimeungwa kwenye mita ya chini tangu zamani, pengine tangu nyumba ilipokuwa ya watu wamoja. Nilikuwa nimekaa pale miaka 11. Friji langu lilikula umeme wake, nami nikamwamuru auze friza lake. Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe.

Mwenye nyumba alitoa ruhusa, fundi akavihamishia vyumba vyangu kwenye mita yangu. Nilipiga hesabu upya kwenye daftari, mwezi kwa mwezi, nikampelekea fedha ndani ya bahasha. Hakuzihesabu. Akasema: "Taa ya ngazi iache kwangu, Maalim. Watoto wanaogopa kiza." Nilimwomba nimnunulie friza nyingine, akakataa. Wale watoto wa skuli walikuwa wameshazoea kununua barafu kwa mtu mwengine.

Nilimpigia tena simu mjukuu wangu. Nikamwambia kuhama ni jambo jema kwa aliyepewa nafasi, naye aitumie. Lakini kwanza ashuke chini, azime swichi zake zote moja moja, aangalie ni mita ipi inayosimama, na ni ya nani inayoendelea kuzunguka.