Mguu wa Grant: Kutoka Bweranyange Hadi Msuli wa Maabara

Mwishoni mwa Novemba 1861, Mukama Rumanyika wa Karagwe aliwapokea Bweranyange wageni wawili waliokuwa wakitafuta chanzo cha mto Nile: John Hanning Speke, Mwingereza, na James Augustus Grant, Mskoti. Sehemu kubwa ya nchi aliyoitawala Rumanyika leo ni wilaya za Karagwe na Kyerwa, ambazo zilitenganishwa mwaka 2012. Wageni walikaa vizuri. Lakini Januari 1862, Speke alipoondoka kwenda Buganda kwa Kabaka Mutesa, alikwenda bila mwenzake. Grant alikuwa hawezi kutembea.

Habari za ugonjwa huo aliziandika mwenyewe katika kitabu alichokitoa mwaka 1864. Mguu wa kulia ulivimba kuanzia juu ya goti ukaharibika umbo, ukamtesa kwa maumivu makali. Ulipasuliwa, usaha ukamwagika kwa wingi, na bado majipu mapya yakaendelea kutunga kwa miezi mitatu. Goti likakakamaa likiwa limejikunja. Kila siku alilazimika kuukamua mguu kwa mikono yake.

Kila mtu alikuwa na tiba. Sidi Mubarak Bombay, mmoja wa watu wa msafara wao, alishauri kinyesi cha ng'ombe, chumvi na tope la ziwa, vikandikwe vikiwa vya moto. Baraka, mwenzake katika msafara, alishikilia kwamba nyoka ndiye aliyeutemea mguu mate. Mnanagee, ndugu yake Rumanyika, alisema ugonjwa huo anaujua vizuri, akamtuma mkulima mmoja wa Kinyambo, mtu mpole, aliyekuja na mkewe. Mganga aliupapasa mguu kwa upole, akachanja chale, watazamaji wakatolewa nje ya kibanda. Mke akafungua jani la mgomba lenye dawa nyeusi, ikalowanishwa kwa mate na kupakwa kwenye chale zilizokuwa zikitoka damu. Mwishowe wakamfunga hirizi ya kipande cha jiwe la volkano kifundoni.

Aprili 1862 Grant alibebwa kwenye machela kuelekea Buganda. Julai mwaka huohuo Speke alisimama peke yake mahali ambapo Nile inatoka Ziwa Viktoria; Grant alikuwa ametangulizwa kwenda Bunyoro, na Speke alitaja udhaifu wa mguu ule kuwa sababu.

Baadhi ya wataalamu huyataja maelezo ya Grant kuwa huenda ndiyo ya kwanza kuandikwa kuhusu kidonda cha Buruli. Bakteria wake walitambuliwa Australia mwaka 1948, na jina likatokana na Buruli ya Uganda, ambako wagonjwa wengi walichunguzwa miaka ya 1960. Mwaka 1999 ikafahamika kwamba bakteria hao hutoa sumu, mikolaktoni, inayoua ngozi na mafuta yaliyo chini yake. Mimi nina shaka kidogo, kwa sababu kidonda hicho kwa kawaida hakiumi sana, na Grant aliumia mno. Ila jambo moja lisipotee: Mnanagee alisema anaujua ugonjwa huo. Karagwe walikuwa nao, na walikuwa na tiba yao, kabla Grant hajashika kalamu.

Iwe Buruli au la, mguu ule unaweka wazi tatizo ambalo tiba haijalimaliza: kurudisha msuli uliopotea. Msuli una namna ya kujitengeneza. Mwaka 1961, karne moja baada ya Grant kufika Bweranyange, Alexander Mauro wa Marekani alieleza seli ndogo zilizojibanza kando ya nyuzi za msuli. Leo tunajua kwamba msuli ukijeruhiwa, seli hizo huamka na kujenga nyuzi mpya. Lakini kipande kikubwa kikiondoka, kwa jipu, risasi au ajali ya pikipiki, hazina pa kujengea. Pengo hujaa kovu, na kovu halivuti mfupa.

Kwa nini basi seli zisikuzwe maabara na kurudishwa mwilini? Zilipooteshwa kwenye sahani tupu, ziliungana kuwa nyuzi, zikaanza kujikunja, kisha zikabanduka. Zilikuwa kama maharage ya kutambaa yasiyo na mti wa kupandia. Zilihitaji kitu laini chenye maji, kinachoshikika na kuvutika.

Kitu cha aina hiyo ni haidrojeli: wavu wa molekuli ndefu unaoshika maji mengi bila kuyeyuka. Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa Prague ndio waliochapisha mwaka 1960 hoja kwamba jeli kama hizo zinaweza kukaa salama mwilini, na kazi yao ikazaa lenzi laini za macho. Mwaka 1988 Herman Vandenburgh na wenzake, Marekani, waliziweka seli za msuli wa ndege ndani ya jeli ya kolajeni, protini ya ngozi na kano, na nyuzi zikadumu zikijikunja. Wengine wakatumia fibrini, ile inayogandisha damu. Mwaka 2015 maabara ya Nenad Bursac, Chuo Kikuu cha Duke, ilionyesha msuli uliokuzwa kutoka seli za binadamu ukijikunja kwa umeme na kuitikia dawa.

Vikwazo bado ni vikubwa. Seli iliyo mbali na mshipa wa damu, hata kwa sehemu ndogo tu ya milimita, hukosa oksijeni, hivyo msuli wa maabara hubaki mwembamba. Jeli mojawapo inayotumika sana hutolewa kwenye uvimbe wa saratani ya panya, na hiyo haiwezi kupandikizwa kwa mgonjwa. Kwa sasa kazi kubwa ya misuli hiyo ni kujaribia dawa.

Kidonda cha Buruli chenyewe, kikiwahiwa, hutibiwa kwa antibayotiki za wiki 8. Uvimbe chini ya ngozi usioisha, hata kama hauumi, upelekeni zahanati mapema, kabla haujala nyama ambayo hakuna hospitali inayoweza kuiotesha upya.