Ramani inayookoa mabinti Mara

Sheria ya mwaka 1998 ilipiga marufuku kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18. Lakini polisi wa Tarime au Serengeti watamfikiaje usiku kama kijiji chake hakimo kwenye ramani?

Mwaka 2015 ulianza mradi wa Crowd2Map. Watu wa kujitolea, wengi wakiwa ng'ambo, walichora barabara na nyumba kutoka picha za satelaiti. Wenyeji wakaongeza majina ya vijiji kwa simu. Ramani hiyo imesaidia kuwafikia mabinti na kuwapeleka nyumba salama ya Mugumu.

Mimi nasema, sasa iwekwe kwenye skrini ya kugusa, stendi na sokoni. Binti asiye na simu naye aijue njia kabla ya Desemba, msimu wa kukeketa.