Kamani ya Siri: Bastola za Weehawken

Asubuhi ya tarehe 11 Julai 1804, mashua mbili ziliuvuka mto Hudson kutoka New York zikielekea Weehawken, katika jimbo la New Jersey. Katika moja alikuwamo Aaron Burr, Makamu wa Rais wa Marekani; katika nyingine Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha wa kwanza wa taifa hilo. Neno la dharau lililochapishwa gazetini ndilo lililowafikisha huko, kwani waungwana wa zama zile waliona kuwa baadhi ya maneno hayaoshwi ila kwa baruti.

Bastola zilikuwa mali ya John Barker Church, mwanyumba wake Hamilton, nazo zilitengenezwa London na Wogdon na Barton. Novemba 1801, Philip, mwana mkubwa wa Hamilton, alipigwa risasi akafa katika pambano kama hilo, na husimuliwa kwamba bastola zilikuwa hizi hizi.

Ni silaha za jamii ya gobore: baruti na risasi hushindiliwa kwa mdomoni, na jiwe la gumegume hutoa cheche. Kifyatulio cha silaha kama hiyo huwa kizito. Kidole kikikivuta kwa nguvu, mkono hutikisika na risasi huenda kombo. Ili kuuondoa uzito huo, mafundi wa Ulaya walibuni kamani ya pili, ndogo, iliyofichwa ndani. Mpigaji hukisukuma kifyatulio mbele mpaka kilie “ta!” Hapo kamani imetegwa kama mtego wa ndege, na mguso mwepesi hutosha kuifyatua. Parafujo ndogo hupima kina cha meno ya chuma yanavyoshikana. Yakishikana sana, kifyatulio huwa kigumu na faida yote hupotea. Yakishikana kidogo mno, bastola hulia kwa mtikisiko tu. Mafuta yaliyoganda na kutu navyo hukaza. Kwa hiyo fundi mwema husafisha kwanza, ndipo akaigeuza parafujo kidogo kidogo, bastola ikiwa tupu.

Mwaka 1976, Marekani ilipoadhimisha miaka 200 ya uhuru wake, bastola za Church zilichunguzwa upya, na mtaalamu wa silaha Merrill Lindsay akatangaza kwamba zina kamani hiyo ya siri. Bila kuitega, kifyatulio kilidai nguvu ya pauni 10 hivi. Ikitegwa, haikufika pauni 1. Lindsay alidai kwamba Hamilton aliitega kwa siri ili apate faida, kisha bastola ikamtoka kabla hajalenga.

Tuhuma hiyo ni nzito, kwani kabla ya siku ile Hamilton aliandika kwamba amekusudia kuipoteza risasi yake ya kwanza. Msimamizi wake, Nathaniel Pendleton, alishuhudia kwamba alimwuliza uwanjani kama aitege kamani, naye akajibu kuwa si safari hii. Ikiwa ndivyo, kamani hiyo haikuwa siri baina yao. Milio miwili ilisikika, kwa tofauti ya nukta chache. Wasimamizi hawakuafikiana nani aliyetangulia. Risasi ya Hamilton ilivunja tawi la mti juu kabisa ya kimo cha mtu. Ya Burr ilimpiga Hamilton juu ya nyonga ya kulia ikaingia uti wa mgongo.

Linabaki jambo moja alilolisimulia tabibu David Hosack. Mashuani, wakirudi New York, Hamilton alifumbua macho, akaiona bastola, akawaonya wawe waangalifu: haijapigwa, na nyundo yake ingali juu. Kumbe ilikwisha kupigwa. Anayemtetea huona hapo mtu asiyejua kuwa mkono wake ulifyatua. Anayemtuhumu huona mtu aliyejua jinsi silaha ile ilivyo nyepesi kufyatuka. Maneno ni yale yale, nayo yanawafaa wote wawili.

Hamilton alifariki siku ya pili yake, tarehe 12 Julai. Mwaka 1930 bastola hizo zilinunuliwa na Bank of the Manhattan Company, kampuni aliyoianzisha Aaron Burr mwaka 1799. Uzito wa kifyatulio umekwisha kupimwa. Nia ya kidole kilichokigusa haina mizani.